Kitu Kimoja, Kikuukuu

Fundi Mizani hakuwa mtu wa kusafiri. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda upande wa pili wa mji kutengeneza mizani ya bucha, na hata hiyo alirudi siku ileile akilalamika kwamba maji ya kule yana ladha ya ugenini.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mizani zilining'inia darini kama popo, nyingine zimejipanga ukutani na sindano zao zimesimama kwenye sifuri, na mwenye kuingia na neno la uongo alijikuta analimeza mlangoni. Watu walisema nzi akitua kwenye mizani iliyotoka mikononi mwa Fundi, sindano husogea. Na nzi akiwa amekula, husogea zaidi. Kwa miaka thelathini hakuwahi kulegeza springi kwa ajili ya mtu. Muuza nyama mmoja alimwomba amfichie robo tu, robo kidogo isiyomuumiza mtu. Fundi alimrudishia mizani yake na kumwambia akapime kwa macho.

Aliishi na dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Mke wa Fundi alipofariki akiacha kitoto cha kike cha siku mbili, dada huyo alikuja na kifurushi chake kukaa wiki moja, asaidie saidie. Wiki ile ilikuwa inaingia mwaka wa ishirini na saba na bado haijaisha. Sauti yake haikuhitaji simu. Akimwita muuza maji, wauza maji watatu wa mtaa wa pili huitika.

Kitoto kile kilikua, kikasoma, kikaolewa nchi ya mbali ambako jua, inasemekana, hutoka kwa kuomba ruhusa. Sasa binti alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi mitatu, na alimtumia baba yake ujumbe wa sauti. Fundi aliufungua, simu ikiwa juu ya meza ya kazi, kati ya bisibisi na tupa. Shangazi alisimama upande huu, na upande ule alisimama Kinyozi, jirani yao wa mlango wa pili, aliyewahi kumsindikiza mtu uwanja wa ndege na tangu siku hiyo akawa mtaalamu wa nchi za nje.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi, najua uko hapo."

"Marahaba mwanangu," Shangazi akaijibu simu.

"Tiketi zenu mbili nimeshazikata. Shangazi utakuja naye, maana baba peke yake atapotea hata akienda chooni. Sasa nisikilizeni vizuri, watu wa huku wana mila zao. Babu akija kumwona mjukuu mara ya kwanza, analeta kitu kimoja tu kutoka nyumbani kwake. Kimoja, baba, si viwili. Na kiwe kikuukuu, kiwe kimefanya kazi. Kipya ni matusi, ni kama unamnunua mtoto. Kitawekwa mezani, na kikiwa mezani hakuna anayesema neno isipokuwa mama mkwe wangu, na mimi wa kuwatafsiria tu. Yeye ndiye anayekikagua. Akikikubali, unapewa mtoto umshike, na kitu kinabaki nyumba hii mpaka mtoto atoe jino la kwanza. Akikikataa..." Hapo binti akavuta pumzi. "Akikikataa, baba, utamwangalia tu mpaka mwaka ugeuke. Nawajua hawa. Mkwe wao mmoja alileta kikombe kipya, alirudi kwao bila kumgusa mtoto hata kidole."

Ujumbe ulikwisha. Wakausikiliza tena. Wakausikiliza mara ya tatu, kama vile maneno yangeona haya yakabadilika.

Fundi aliitazama mikono yake. Ilikuwa na mafuta ya springi kwenye mistari yote. Safari yenyewe ilikuwa ya wiki mbili. Mwaka haungegeuka ndani ya wiki mbili hata ungesukumwa.

"Mwacha mila ni mtumwa," Shangazi akasema. "Ukweni haendi mtu na tambara. Mimi nachukua vitenge vipya kumi na viwili."

"Shangazi, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho," Kinyozi akasema.

"Mimi macho yangu mawili nayapenda. Wewe vunja lako, huwa hulitumii. Juzi umemnyoa mwalimu kipara upande mmoja."

"Alitaka hivyo!"

"Alikuwa analia!"

Fundi alikuwa ameshanyanyuka. Alipanda kigoda, akafungua kulabu iliyokuwa pembeni kabisa mwa dari, akashusha mizani ya sahani mbili. Mkono wake wa chuma ulikuwa umeshikwa na kutu kama ndevu, na sahani moja ilikuwa na kibonyeo. Binti alipimwa humo tangu ana siku tatu. Fundi alikuwa akiweka mawe sahani hii, na Shangazi akimshika mtoto mguu kwenye sahani ile asidondoke, na kila mara wakigombana kama mkono wa Shangazi nao unahesabiwa. Kile kibonyeo kilikuwa ni alama ya mguu wa binti alipotimiza mwaka.

"Hii," Fundi akasema.

Hakuna aliyebisha. Lakini likazuka swali. Mizani bila mawe yake haipimi. Na mawe yalikuwa saba. Je, ni kitu kimoja au vitu vinane?

"Mtu akienda ukweni na mke mwenye meno thelathini," Kinyozi akauliza, "amekwenda na watu wangapi?"

Walilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Mwishowe Fundi akaamua mawe yabaki. Alisema kule mizani inakwenda kukaguliwa, si kupima, na uzito wa mtoto ni jambo la mtoto mwenyewe.

Siku tano zilizofuata zilikuwa za kufunga mizigo. Kwa kuwa binti alisema kule viatu huvuliwa mlangoni, Fundi alitafutiwa soksi, na kwa kuwa hajawahi kuzivaa, alifanyishwa mazoezi ya kutembea nazo sebuleni, akateleza mara mbili na kuishika meza. Kwa kuwa kule watu hawasalimiani mpaka wakae, walifanya mazoezi ya kuingia mlangoni bila kusalimia. Hilo liliwashinda. Shangazi alijaribu akaishia kuisalimia mizani. La kunyamaza ndilo lililokuwa gumu zaidi. Kinyozi alishauri ajaze maji mdomoni, kwa hiyo Shangazi alijaza maji, akaketi, akawatazama kwa macho makubwa. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Paka wa mtaani, ambaye hajawahi kusikia nyumba ile ikiwa kimya, aliingia kuangalia kama kuna msiba. Dakika ya tatu Kinyozi akasema, polepole tu, kwamba ukweli ni kwamba binti anafanana zaidi na upande wa mama yake.

Yale maji ilibidi Kinyozi ayafute usoni kwa kanga.

Sanduku lilikuwa moja, la kijani, lisilo na kufuli, likafungwa kamba. Kila Fundi alipotoka, Shangazi alitia kitu. Kila Shangazi alipotoka, Fundi alikitoa. Vitenge kumi na viwili viliingia na kutoka mara nyingi hata vikaanza kuchuja.

Asubuhi ya siku ya safari Fundi aliamka, akanawa, akaingia karakana kuichukua mizani aifunge gazeti. Kulabu ilikuwa tupu. Akatazama chini ya meza. Akatoka uani.

Mizani ilikuwa imening'inia kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka, inakauka. Ilikuwa ya rangi ya fedha. Mkono wa chuma uling'aa, minyororo iling'aa, na kile kibonyeo cha mguu wa binti kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikasawazishwa, sahani ikawa laini kama uso wa maji. Shangazi alikuwa amesimama pembeni akiipepea kwa ungo.

"Umeamka," akasema. "Fundi rangi alikuja alfajiri. Nilimwambia asiguse sindano, maana nakujua."

Fundi alipapasa sahani pale kibonyeo kilipokuwa.

"Sasa uso gani huo? Nilisema niifute vumbi tu. Nilipofuta vumbi nikaona kutu. Nilipokwangua kutu nikaona aibu. Watasemaje wale, mdogo wangu? Kwamba mtoto wetu ametoka nyumba ya vyuma vibovu?"

"Dada," Fundi akasema, "walitaka kikuukuu."

"Ni kikuukuu! Ila kimeoga."

Kisha yeye mwenyewe akaitazama mizani, akiangalia jinsi ilivyokuwa ikimeta kwenye jua, na ungo ukashuka mkononi mwake. Akakaa juu ya beseni lililogeuzwa.

Habari zilimfikia Kinyozi kabla hajafungua duka, na kutoka kwa Kinyozi habari huenda zenyewe. Kufikia saa nne uani kulikuwa na watu kumi na mmoja wakijaribu kuizeesha mizani. Mmoja alileta msasa. Mwingine alileta majivu. Mama muuza mkaa alipendekeza ifukiwe. Alikuwa na uzoefu, alisema, aliwahi kuifukia sufuria ya wifi yake na ilipotoka ilikuwa na umri wa bibi. Jogoo mmoja alisogezwa aidonoe, akaona sura yake kwenye sahani, akaipiga vita mpaka akachoka yeye. Kinyozi alikuja na chupa ya maji ya chumvi na siki, akaapa kwamba ndani ya saa tatu itaonekana ina miaka mia.

"Ina miaka thelathini na minne," Fundi akasema.

"Basi tutamwaga nusu chupa."

"Hapana." Aliitwaa mizani, akaifuta kwa kiwiko cha shati. "Hii haijawahi kusema uongo hata mara moja. Leo niifundishe kudanganya umri?"

"Sasa si wakikataa hutamshika mtoto?" akauliza muuza mkaa.

"Sitamshika."

Watu walitawanyika mmojammoja, wamebeba msasa wao na majivu yao. Fundi aliifunga mizani kwenye gazeti ikiwa inang'aa vilevile, akaiweka katikati ya sanduku, akafunga kamba kwa mafundo matatu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyevitoa vitenge kumi na viwili. Hakubakiza hata kimoja.

Uwanja wa ndege sanduku liliwekwa kwenye mizani ya chini, na karani akasoma kilo ishirini na tatu kamili, ndio mwisho unaoruhusiwa. Akaanza kubandika karatasi. Fundi aliinama, akaiangalia mizani ile, akaliinua sanduku kidogo, akaliachia.

"Mama, mizani yenu inapunguza nusu kilo."

"Inapunguza? Si bora kwako, mzee?"

"Ni ishirini na tatu na nusu."

Karani akamtazama. Foleni ikamtazama. Fundi alifungua mafundo yote matatu, akatoa shati la pili akalivaa juu ya la kwanza, akatoa suruali akaivaa juu ya suruali, akafunga tena. "Sasa ishirini na tatu," akasema. Alipanda ndege akitembea kama mtu aliyebebwa na nguo zake. Shangazi alimfuata bila kumcheka, na hapo ndipo Fundi alipojua dada yake ana huzuni kweli.

Nyumba ya wakwe ilikuwa na meza ndefu na madirisha yaliyofungwa. Walivua viatu. Fundi hakuteleza. Waliingia bila kusalimia, ingawa Shangazi ilibidi aume midomo yote miwili. Watu tisa walikuwa wamekaa upande mmoja, na mwishoni kabisa binti, amenenepa mashavu, macho yamemjaa maji, mtoto mikononi. Mtoto alikuwa amelala huku amekunja ngumi, na Fundi, bila kutaka, alimpima kwa macho: kilo sita, na kitu kidogo juu.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mwembamba aliyekaa wima kama sindano ya mizani. Alinyoosha kidole kuelekea meza.

Fundi akafungua gazeti.

Mizani ilimulika chumba kizima. Mmoja wa wajomba alifumba jicho. Mama mkwe akasogea, akaigonga sahani kwa ukucha, akainusa. Bado ilikuwa inanuka rangi. Akasema neno moja fupi, na wote tisa wakatazama magoti yao.

Binti alinong'ona: "Amesema mpya."

Fundi alinyoosha mkono aichukue, kwa sababu hakukuwa na jingine la kufanya. Lakini upande wake wa kushoto alisikia pumzi ikivutwa ndefu, kama mtu anayetaka kumwita muuza maji.

"Si mpya!" Shangazi akasema, na glasi kabatini zikatikisika. "Mimi ndiye niliyeipaka! Nichapeni mimi! Hiyo ina miaka thelathini na minne, na huyo hapo amepimiwa humo tangu ana siku tatu, na mguu nilimshika mimi, na usiku wa homa nilimshika mimi, na nywele nilimsuka mimi mpaka vidole vikaota sugu, tazama! Tazama hizi! Na kibonyeo alikibonyeza mwenyewe, kikagongwa kwa ajili ya ujinga wangu, kwa sababu niliona aibu na nyumba yangu mwenyewe! Sasa mkimnyima mdogo wangu mtoto, mtamnyima kwa kosa lipi? Mtu amevaa suruali mbili kwa ajili ya ukweli!"

Hakuna mgeni aliyewahi kusema neno mbele ya kitu mezani, na sasa mmoja alikuwa ameyasema yote. Mjomba mmoja alikuwa ameshika kifua chake.

Fundi aliichukua mizani, akairudisha kwenye gazeti, akaiweka chini. Sasa meza ilikuwa tupu na hakuna sheria iliyomfunga mdomo.

"Mwambie nimekosea kuweka," akamwambia binti. "Kitu chenyewe si hicho." Kisha akamgeukia dada yake. "Panda."

"Nipande wapi?"

"Mezani."

"We! Umelewa hewa ya ndege?"

"Dada. Panda."

Shangazi alipanda. Alikaa katikati ya meza, miguu inaning'inia, soksi moja imepinda kisigino kiko juu, na akanyamaza kabisa, kwa kuwa kitu kikiwa mezani hakuna anayesema, na yeye ndiye aliyekuwa kitu.

Mama mkwe alimzunguka mara moja. Aliinua mkono wake wa kulia, akapapasa sugu za vidole kwa kidole gumba, akaangalia rangi ya fedha iliyobaki chini ya kucha. Akamgonga begani kwa ukucha, kama alivyoigonga sahani. Akamnusa. Akamwuliza binti jambo, na binti akamjibu kirefu, kwa lugha ya kule, huku akilia na kucheka, akimwonyesha Shangazi, akijionyesha mwenyewe, akionyesha urefu wa mtoto wa miaka miwili, wa minane, wa kumi na tano. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

Akasema maneno mawili.

"Kimefanya kazi," binti akatafsiri.

Mtoto aliwekwa mikononi mwa Fundi. Alikuwa kilo sita na robo, sawasawa. Fundi hakumwambia mtu. Alisimama naye mpaka miguu ikafa ganzi, na walipotaka kumpokea alisema bado anapima.

Ilikuwa jioni, wakinywa chai, ndipo binti alipoweka kikombe chini akasema, "Baba... lakini kitu si hubaki mpaka jino?"

Wakatazamana. Shangazi alikuwa dirishani, amempakata mjukuu, anamfundisha mama mkwe jinsi ya kuimba akimbembeleza. Mama mkwe alikuwa anaimba.

Fundi alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, yeye na sanduku la kijani na mizani. Aliitundika kwenye kulabu yake pembeni mwa dari. Wateja wanauliza kila siku ile mpya anaiuza, naye anawajibu kwamba haiuzwi na si mpya. Nguo anajifulia. Chai anajichemshia, inakuwa nyepesi. Nyumba imekuwa kimya hata paka wa mtaani amehamia.

Kila Jumapili baada ya saa sita hupiga simu kuulizia jino. Mtoto sasa ana miezi tisa.

"Bado," Shangazi humwambia. "Ufizi mtupu! Kila asubuhi mimi ndiye ninayemkagua, kabla hata mama yake hajaamka. Kule kwenu jua linatoka bure, huku meno yanachelewa. Baridi hii."

Jumapili iliyopita Kinyozi alikuwa karakanani, amekuja kuazima koleo, simu iko juu ya meza ya kazi inasema kwa sauti. Shangazi alikuwa anamlisha mtoto huku anaongea.

"Hata dalili hakuna, mdogo wangu. Hata..."

Hapo, nyuma ya sauti yake, kijiko kiligonga kitu kigumu: ting.

Kinyozi aliinua kichwa. Fundi, ambaye kwa miaka thelathini aliweza kusikia springi iliyolegea akiwa ng'ambo ya barabara, aliitazama simu. Akazitazama mizani zake zote ukutani, sindano zimesimama kwenye sifuri.

"Bado eh?" akauliza.

"Bado kabisa," Shangazi akasema.

"Basi hayana haraka, dada," Fundi akasema, akampa Kinyozi koleo lake. "Msalimie mama mkwe."